Fundi Aliyetuhesabu Kabla ya Kugusa Waya

Ashukuriwe Mungu, ambaye pumzi zetu zimo mkononi mwake, aliyetuamsha tena katika baridi hii ya milimani tukiwa na macho ya kuona na miguu ya kusimamia. Sina pa kuanzia leo isipokuwa kwenye shukrani, kwa sababu habari niliyonayo ni ya msiba, na nimekwisha kujifahamu uzeeni: nikianza na msiba kabla ya kushukuru, kalamu inanipotea.

Asubuhi ya Jumatatu iliyopita nilimpigia simu fundi wetu wa umeme. Shida yangu ilikuwa ndogo. Kioo cha themostati yetu, yaani kile kidude cha ukutani kinachoiambia mashine ya kupasha joto nyumba iwake au izime, kilikuwa kimefifia hata tarakimu hazisomeki, nami nilitaka kumuuliza kama ni betri zimekwisha au ni ugonjwa mkubwa zaidi. Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa. Sauti haikuwa yake. Alikuwa binti yake, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, Baba ametutoka alfajiri. Tunazika saa kumi." Akanieleza kwamba baba yake aliamka kuswali, akaketi kitandani, akasema amechoka, na hakuinuka tena. Nilimpa pole kwa maneno niliyoyazoea, maana mimi ni mzee wa kanisa na pole nimezitoa katika nyumba nyingi. Lakini nilipokata simu sikuwa na majonzi peke yake. Niseme kweli mbele yenu: niliogopa. Nilikiangalia kile kidude, nikauangalia mlango wa chumba ambamo mke wangu alikuwa bado amelala, nikaenda kusimama pale mlangoni kumsikiliza anavyopumua.

Alikuwa anapumua vizuri. Hata hivyo nilisimama pale muda mrefu, na ili mjue kwa nini, imenibidi niwasimulie habari za marehemu, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa. Ninawaomba mnivumilie, maana habari yenyewe inapitia kwenye kosa langu.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya mji wa Lushoto, njia ya kuelekea Magamba, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu huingia uani asubuhi na kukaa kama mgeni asiyetaka kuaga. Miaka mitatu iliyopita mke wangu aliugua nimonia, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa mwepesi kama mtoto. Daktari alituambia mambo mawili, asikae kwenye baridi wala kwenye moshi. Kwa mtu wa milima hii maneno hayo mawili ni magumu kuyatimiza pamoja, kwa sababu siku zote tumeikimbia baridi kwa kwenda kuketi kwenye moshi. Ndipo kijana wetu, ambaye kazi yake Dar es Salaam ni majokofu na viyoyozi, akapanda na mashine. Ina boksi moja ukutani ndani ya nyumba na jingine nje lenye feni. Alinieleza kwamba inavuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ya Julai, na kuliingiza ndani. Jambo hilo sikulielewa siku ile, na mpaka leo ninalipokea kwa imani. Kabla ya kuondoka alitusisitizia kuziba kila upenyo: madirisha yafungwe, vitambaa viwekwe chini ya milango, dari mpya ipigwe ubao kwa ubao bila nafasi. "Joto msilipe njia ya kutokea," alisema. Tukaziba. Mimi na mjukuu wetu wa kike, binti mtu mzima anayefundisha chekechea na kuishi nasi, tuliifanya kazi hiyo kwa bidii hata nyumba ikawa kama chupa.

Fundi tulimpata kwa sababu kijana wetu alitaka awepo mtu wa karibu wa kuiangalia mashine. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya kufuma na mkoba wa ngozi uliochakaa pembe. Yeye Mwislamu, sisi Walutheri. Aliishi ng'ambo ya bonde, upande wa kuteremkia Soni. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao mwanzoni ulituchekesha, kisha ukatukera. Akifika, alikuwa anapiga hodi mara tatu, anasalimia kila mtu, anakataa chai mpaka amalize kazi, halafu ananiambia mimi mwenye nyumba niende kuzima mein swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikishazima, anaomba watu wote waliomo ndani watoke waje kuketi kwenye benchi la uani. Wote, hata mgonjwa, hata mgeni. Anasimama mbele yetu na kutuhesabu kwa kidole, taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikihesabu wanafunzi mstarini. Idadi ikitimia ndipo anaingia ndani peke yake, anajaribu nyaya kwa tesita, anaanza kazi. Mjukuu wangu alimwambia siku moja kwamba nyaya za themostati ni nyembamba na umeme wake ni mdogo, kijana wetu ndivyo alivyosema. Fundi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, waya haunijui mimi wala haukujui wewe. Kaa hapo nikuone."

Safari yake ya kwanza kwetu ndiyo iliyotufanya marafiki. Mashine ilikuwa inawaka dakika chache na kuzima, na nyumba inabaki ya baridi. Tulimwita, akatutoa nje, akatuhesabu watatu, akaingia. Hazikupita dakika mbili akatoka ameshika kitambaa cha kufuma, cheupe chenye ua jekundu katikati. Ninyi mnaotuzuru mnajua kwamba mke wangu havumilii kitu kikae uchi ndani ya nyumba. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, viti vina vyake mgongoni na mikononi. Kile kidude kilipofungwa ukutani alikihurumia vumbi, akakifumia chake, chenye kamba ya kufungia nyuma. Fundi akamwuliza, huku akijizuia kucheka, "Mama, hiki umekivalisha sweta?" Mke wangu akasema ndiyo, kwani kuna ubaya gani. Fundi akaketi karibu naye kwenye benchi, akamweleza kwamba kidude kile kazi yake ni kuhisi kama kuna baridi. Ukikivalisha sweta, kinaona joto lake peke yake na kudhani kila mtu ndani ya nyumba amevaa sweta, kwa hiyo kinaizima mashine kwa roho safi kabisa. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Kitambaa kile alimpa fundi, naye akakitia mkobani kufungia tesita yake, na tangu siku hiyo kila alipokuja alikuwa akimwonyesha kwamba bado anacho.

Sasa nifike Julai ya mwaka jana. Themostati ilikufa kweli. Kioo kilizima, mashine ikanyamaza, na asubuhi moja tuliamka tunaona pumzi zetu. Fundi alikuja, akatuhesabu, akakifungua, akatuonyesha jinsi unyevu wa ukungu ulivyoingia ndani na kuotesha kutu ya kijani kwenye vijisahani vya shaba. Hakikuwa cha kutengenezwa. Kijana wetu alinunua kingine Dar es Salaam na kukipakia basi, lakini kikakwama njiani, mara wanasema kimeshushwa Mombo, mara kimepitilizwa mpaka Mazinde, na siku nane zikapita. Kabla ya kuondoka fundi alinishauri tujifunike mablanketi na Mama alale na maji ya moto kwenye chupa. Hakuniuliza habari za jiko, wala mimi sikumwambia. Sikumwambia kwa sababu sikuona kama kuna la kuambiwa.

Maana nilikuwa na hekima yangu. Daktari alikataza moshi, nami nilitii. Nilikuwa nikiliwasha jiko la mkaa uani, mkaa mzuri wa miti ya miwati, nikilipepea na kulisubiri mpaka mkaa unaiva, unakuwa mwekundu wote na kufunikwa majivu meupe, bila moshi hata wa kuwasha jicho. Hapo ndipo nilipokuwa ninalibeba na kulitia chumbani kwa mke wangu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Watu wangapi wa Lushoto hawajalelewa kando ya mkaa ulioiva? Na kwa kuwa kijana alisema joto lisipewe njia, nilikuwa nafunga dirisha, nafunga mlango, na kusukuma kitambaa chini yake kwa mguu. Siku ya kwanza mke wangu alisema amelala vizuri. Siku ya sita alisema kichwa kinamwuma. Siku ya saba akasema kichwa ni kizito na miguu haina nguvu. Nilidhani ni baridi. Nikaongeza mkaa.

Siku ya nane ilikuwa Jumamosi. Fundi alipiga simu asubuhi kwamba kifurushi amekipata na anakuja. Kulikuwa na ukungu mzito, hata miti ya mipea iliyo hatua kumi kutoka mlangoni haikuonekana. Nililipeleka jiko chumbani kama kawaida, mke wangu akaniambia kwa sauti ya usingizi kwamba atapumzika kidogo. Nikamfunika, nikafunga mlango. Fundi alifika kama saa nne na nusu, amelowa mabega. Hodi mara tatu, salamu, chai akakataa. Nilizima mein swichi. Mimi na mjukuu wangu tukatoka tukaketi kwenye benchi, na yeye akasimama mbele yetu na kidole chake.

"Wawili," akasema. "Mama yuko wapi?"

Nikamwambia amelala, ana kichwa, leo tumsamehe. Akasema hapana. Nilianza kukasirika, nakiri. Mimi nimekuwa mwalimu miaka zaidi ya thelathini, na hapa uani kwangu mtu ananihesabu kama mtoto, tena anataka nimtoe mgonjwa kwenye blanketi aje kukaa kwenye ukungu kwa ajili ya desturi yake. Nilimwambia hivi, na ninayakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyopenda: "Fundi, kazi iko sebuleni, yeye yuko chumbani. Hakuna waya unaofika kitandani kwake. Fanya kazi."

"Mwalimu, mimi sifungui kitu mpaka nimwone."

"Nimekwambia kichwa kinamwuma."

Akanitazama. "Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na hizi siku zote, bila mashine, mmekuwa mnapata joto kwa nini?"

Nikamwambia, jiko. Sijui kama nilimaliza neno. Mtu huyu, niliyemfahamu kwa staha yake, ambaye hata sebuleni hakuingia bila kukaribishwa mara mbili, alipita mbele yangu mbio. Alisema hodi moja tu huku bega lake limeshasukuma mlango wa chumba cha mke wa mtu, akaingia na viatu vyake vya matope. Nilimfuata. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na harufu. Kulikuwa na joto zuri tu, na jiko linang'aa pembeni kama kitu kisicho na hatia, na mke wangu amelala chali mdomo wazi, anakoroma mkoromo wa polepole ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilimwita. Nilimwita kwa jina la utotoni ambalo mimi peke yangu nimebaki kulijua. Hakugeuka.

Nimekaa kando ya vitanda vingi vya wagonjwa. Nimeshika mikono ya watu waliokuwa wanaondoka, nikawasomea zaburi bila kufungua kitabu. Siku hiyo haukunijia hata mstari mmoja. Nilisimama katikati ya chumba na mikono imening'inia, na kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba mlango huu niliufunga mimi. Fundi ndiye aliyefungua dirisha kwa kulipiga kiwiko, ndiye aliyenipigia kelele nishike miguu. Tulimbeba na blanketi lake mpaka uani, tukamlaza kwenye majani yenye umande. Mjukuu wangu alikimbia barabarani kutafuta gari. Ule ukungu niliokuwa nimemwekea vitambaa chini ya mlango usimguse, sasa nilikuwa namwomba Mungu uingie kifuani mwake, uingie wote. Sijui ilikuwa muda gani. Fundi aliniambia baadaye ni dakika chache. Mke wangu alikohoa, akatapika, akafumbua macho, akamtazama fundi aliyepiga magoti kwenye matope, na akauliza kwa sauti ya chini kwa nini wanaume hawa wamemtoa nje bila kilemba.

Hospitalini walimwekea hewa ya kupumua, akakaa siku mbili. Daktari alinieleza kwamba mkaa ulioiva, ule usiotoa moshi hata kidogo, ndio unaotoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa humlaza mtu usingizi asioamka. Alinieleza bila ukali, na upole wake ulinichoma zaidi. Nilifikiri habari za bibi zetu. Nyumba zao zilikuwa na moto katikati mchana kutwa, lakini paa lilikuwa la nyasi na kuta za fito na udongo, na nyumba nzima ilikuwa inapumua. Sisi tumejenga kwa saruji, tumepiga dari, tumeweka madirisha ya vioo yanayofungika sawasawa, tukashukuru kwa maendeleo, na ni haki kushukuru. Kisha tumelichukua jiko lile lile la bibi, na ujuzi ule ule, tukaviingiza ndani ya chupa. Hakuna aliyetudanganya. Kijana wangu alisema kweli kuhusu joto, mama yangu alisema kweli kuhusu mkaa, daktari wa kwanza alisema kweli kuhusu moshi. Mimi ndiye niliyezikusanya kweli zote tatu katika chumba kimoja na kufunga mlango.

Jioni ya Jumamosi ile niliporudi kutoka hospitalini kuchukua nguo, nilimkuta fundi bado ameketi kwenye benchi letu. Jiko amelimwagia maji. Kifurushi kiko pembeni hakijafunguliwa. Nilimwuliza kama hafungi kile kidude, akanionyesha vidole vyake, akasema, "Leo mkono wangu hauna adabu. Nitarudi Mama akirudi." Nilisubiri anilaumu. Nilitaka anilaumu, ingekuwa nafuu. Badala yake alisema, "Mwalimu, hukujua. Lakini usikae peke yako leo." Aliketi nami mpaka mjukuu wangu alipofika, kisha akainua mkoba wake akaenda zake.

Alirudi Jumatano. Mimi nikazima umeme, sote tukatoka, na safari hii alianza kumhesabu mke wangu kwanza. Rangi za nyaya za themostati mpya hazikufanana na za zamani, kwa hiyo alimwomba mke wangu vipande vya nyuzi za kufumia, akafunga uzi mwekundu kwenye waya huu, wa bluu kwenye ule, wa kijani kwenye mwingine, asije akachanganya wakati wa kuhamisha. Mke wangu alizikata nyuzi zile kwa meno yake na kumpokeza moja moja dirishani. Aliihamisha pia themostati kutoka ukuta wa nje wenye unyevu hadi ukuta wa katikati ya nyumba. Alipomaliza akatoka, akahakikisha bado tuko watatu, akaniambia niwashe. Feni ya nje ilianza kuzunguka. Ndipo alipokunywa chai. Nilimwuliza alijuaje siku ile. Akasema, "Sikujua. Mimi nahesabu tu." Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuhesabu. Aliangalia kikombe chake, akajibu kwa kifupi kwamba ni marehemu fundi wake, na mazungumzo yakageukia viazi.

Nimelibeba jibu hilo mwaka mzima nikidhani nimelielewa. Jumatatu nilikwenda maziko. Nilisimama nyuma pamoja na majirani wengine Wakristo, nikashika udongo nilipopewa nafasi, na pale kaburini hofu ilinirudia. Nilijiuliza ni nani sasa atasimama mbele ya benchi letu na kidole chake. Nilikuwa nimemtegemea mtu yule kuliko nilivyokuwa tayari kukiri katika sala zangu. Tuliporudi nyumbani kwake niliomba kumpa pole dada yake mkubwa, bibi mzee aliyekuwa ameketi mkekani barazani na wanawake wenzake. Nilipojitambulisha alinishika mkono, hakuuachia.

"Kumbe wewe ndiye Mwalimu wa jiko," akasema. Nikaona aibu, nikasema ndiye mimi. "Alinieleza. Alikuja hapa siku ile hawezi hata kula. Akaniambia, dada, leo nimehesabu nikapata pungufu."

Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari ambayo kila mmoja pale alishaijua, aliniambia nisichojua. Marehemu alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa fundi mmoja Muheza. Siku moja walikuwa katika nyumba ya watu, umeme umezimwa, fundi wake yuko juu darini na yeye amewekwa chini kulinda mein swichi. Mtu wa nyumba akamwita akanywe chai. Akaenda. Aliporudi alikuta kimya, ngazi imesogezwa, akaamini fundi wake ameshashuka na yuko nyuma ya nyumba. Akawasha. "Hakuna aliyemlaumu," bibi yule akasema. "Mjane alimsamehe siku ile ile ya msiba. Ni yeye tu. Tangu hapo hata kwangu mimi, akija kubadilisha balbu, ananitoa nje na mkeka wangu. Nilikuwa namwambia, mwanamume wewe, nitakufa kwa baridi kabla ya umeme." Wanawake wakacheka kidogo, na yeye akacheka, kisha akalia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu polepole. Sasa nilielewa kwa nini hakunywa chai kabla ya kazi. Nilielewa pia kwa nini hakunilaumu, na kwa nini aliketi nami kwenye benchi jioni ile. Alikuwa anaujua mkono unaofanya jambo kwa nia njema na kukuta umefanya nini. Wangu Mungu aliuzuia mlangoni, wake haukuzuiwa. Kwa miaka yote hiyo nimehubiri kwamba imani huiondoa hofu. Siyafuti niliyohubiri, lakini yapo niliyokuwa sijayaona. Kuna mtu ambaye Mungu hakumwondolea hofu yake. Alimwachia, akaipa kazi ya kufanya, nayo ikapita nyumba hadi nyumba katika milima hii ikiwatoa watu nje na kuwahesabu, mpaka ikafika kwangu siku ambayo tulikuwa pungufu.

Jumanne nilinunua betri mbili ndogo. Nilikwenda kwenye mein swichi nikazima, kisha nikasimama mlangoni nikawaita wote watoke. Mjukuu wangu alitoka kwanza. Mke wangu alinitazama kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Betri mbili tu, Mwalimu?" Nikamwambia betri mbili tu, naomba utoke. Alitoka na nyuzi zake na blanketi begani, analalamika kuhusu ukungu, akaketi kwenye benchi. Nilisimama mbele yao, nikainua kidole. Mke wangu, mmoja. Mjukuu, wawili. Nikajihesabu mwenyewe, watatu. Tulitimia. Hata hivyo kidole changu kilibaki juu, na macho yangu yakaenda kwenye njia inayotoka bondeni, kumtafuta wa nne.

Basi wapendwa, baridi imeingia. Jiko la mkaa likae nje ya nyumba, hata likiwa halitoi moshi, hata kama mama yenu aliliweka ndani na ninyi mkapona. Na kabla ya kugusa chochote kinachoweza kumdhuru mtu, hesabuni watu wenu, na msione haya mkionekana waoga. Mungu awahifadhi wote waliomo ndani ya nyumba zenu, asipungue hata mmoja. Awape pumzi usingizini na joto lisilo na madhara, na wewe unayesoma haya akuite kwa jina lako kila asubuhi nawe uitike.